Bi Biasha Hasomi Barua za Watu

Mlangoni kwa Bi Biasha, pale Nangurukuru, kuna karatasi imebandikwa kwa gundi ya viatu: TUNAGEUZA FAILI KUWA PICHA. HATUSOMI. Abiria wanaoshuka kwenye mabasi kunyoosha miguu huiona wakacheka, wakidhani mwenye duka hakwenda shule. Mimi sicheki. Hilo neno la mwisho nusura linizeeshe peke yangu, na mpaka leo nikilipita asubuhi nalikata jicho.

Naitwa Hussen, fundi cherehani. Baraza letu ni moja, milango miwili, wake na wangu. Miaka sita tulikaa hivyo. Katika miaka hiyo alinilalamikia kila wiki kwamba cherehani yangu inatetemesha printa yake, nami nikamjibu kila wiki kwamba printa yake inalia kama mbuzi wa kuchinjwa. Na katika miaka hiyohiyo nilimpenda. Nilimpenda sana, nikanyamaza, kwa sababu mimi ni mwoga na mke wangu marehemu alikuwa ndiye mwenye kusema nyumbani kwetu.

Ili mjue nilikuwa nashindana na nini, lazima niwaeleze huyu mama ni mtu wa namna gani.

Alizaliwa Kiswere, wazazi wakafa mapema, akalelewa na mjomba wake, Mzee Yahya. Mzee akampeleka chuoni kwanza, akasoma Qurani na hati za Kiarabu, kisha akampeleka shule. Alipomaliza akafundishwa taipu, akaajiriwa Lindi katika ofisi moja ya umma. Mkuu wake wa kwanza alimwambia kwamba karani wa taipu ana macho na vidole tu, mengine ayaache nyumbani. Wakuu husema maneno mengi ya namna hiyo na wenyewe huyasahau kabla ya chai. Biasha hakuyasahau.

Ikafika miaka ya tisini, mashirika yakawa yanauzwa na ofisi zinapunguza watu. Orodha ya watakaoondoka ikaletwa mezani kwake, ya siri, majina thelathini na moja. Akaitaipu nakala nne, akazipeleka kwa mkuu, akarudi kunywa chai. Jina la kumi na nane lilikuwa lake. Alilijua siku tatu baadaye, alipokabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, ambayo nayo aliitaipu kwa mkono wake. Msidhani anasimulia habari hii kwa uchungu. Anaisimulia kwa majivuno, akiinua kidole: nakala nne, kosa hakuna.

Ofisi ilipopiga mnada vitu vyake, akainunua taipu aliyokuwa akiitumia, akaja nayo Nangurukuru. Mumewe hakutaka kuja, akabaki Lindi, na baada ya mwaka mmoja talaka ikafika kwa mkono wa dereva wa lori. Hiyo alisomewa na jirani. Akakaa barazani akiwaandikia watu barua za maombi ya kazi, za kuomba kiwanja, za kumkumbusha mtoto aliyeko Dar kwamba ana mama. Taipu ikazeeka, akanunua kompyuta, akawa na steshenari. Kisha zikaja simu hizi za kioo, na shida mpya ikaja nazo.

Shida yenyewe ni hii. Mtu anaandika tangazo lake kwenye kompyuta, anaridhika nalo, analituma kwa ndugu themanini kwenye grupu. Ndugu themanini wanaona kikaratasi chenye jina refu na swali la kuuliza wakifungue kwa kutumia nini. Hawana cha kufungulia. Wanarudisha alama ya kidole gumba kana kwamba wamesoma, na siku ya shughuli hafiki mtu. Lakini picha inafungukia kila mahali, hata kwenye simu iliyopasuka. Kwa hiyo kila mwenye tangazo la msiba, kadi ya mchango wa harusi, ratiba ya ligi au notisi ya chama cha msingi wakati wa korosho, anakuja na flashi yake kwa Bi Biasha anasema, nigeuzie iwe picha.

Kuna vijana wanaopiga kioo cha kompyuta kwa simu, picha inatoka imepinda na dole lao likiwa pembeni. Bi Biasha hataki hata kusikia habari zao. Yeye hulifungua faili kwanza, akatazama kama mistari haijaruka, akavuta pembe, kisha akaligeuza ukurasa kwa ukurasa. Hukataa kufanya picha nyepesi, kwa sababu anasema picha ikitumwa kwenye simu inabanwa, kama ilikuwa nyepesi tangu mwanzo maneno yanageuka ukungu. Faili, kwake, ni nguo iliyokatwa bado haijashonwa. Mfano huo aliutoa kwangu, ingawa kwa wateja anasema ni wake.

Na hufanya kazi hiyo yote akiwa amevua miwani. Hapo ndipo penye mambo. Bila miwani, maandishi kwake ni mistari ya rangi nyeusi tu. Anaona kama ukurasa umekaa sawa, kama kichwa kiko katikati, kama kuna nafasi iliyopotea. Maneno yenyewe hayamwingii. Anasema karatasi ya mtu ni kama chumba cha mtu, unaweza kukipaka rangi bila kufungua masanduku.

Lusia, muuza chapati wa ng'ambo ya barabara, aliyaonja hayo mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mdogo wake, akaleta faili la kadi. Kamati ilikuwa imeazima kadi ya harusi nyingine, ikabadili majina, ikabadili ukumbi, ikasahau kubadili tarehe. Bi Biasha akageuza picha safi kabisa, ikaenda kwa watu mia mbili. Jioni simu zikaanza kumiminika: watu wanaomba radhi kwa kuikosa harusi iliyopita mwaka jana, wengine wanauliza kama bibi arusi ameshajifungua. Lusia akaja amefura.  Bi Biasha alimnyooshea kidole ile karatasi ya mlangoni.

Huyo ndiye mwanamke niliyetaka kumwoa.

Nilipomweleza rafiki yangu Mwalimu Sixbert, aliniangalia kwa huruma nisiyoipenda. Sixbert ni Mmakonde wa juu huko, Mkristo, na mimi Mmatumbi, kwa hiyo hatuambiani jambo bila kuliwekea matusi kidogo.

"Ninyi Wamatumbi mlipigana na Wajerumani," akasema, "leo unamwogopa mama mwenye printa?"

"Mjerumani hakuwahi kunikataa," nikamjibu.

Sixbert alifundisha Kiswere miaka minne, akipanga chumba kwa Mzee Yahya huyohuyo. Akasema yeye atakuwa mshenga. Kwetu huku baba ni baba, lakini mtoto wa dada neno lake liko kwa mjomba, hata mtoto huyo awe na miaka hamsini na moja na wajukuu wawili. Sixbert akampigia mzee simu. Mzee akasema barua aitaka, ila isiwe ya karatasi.

"Karatasi nikiivuta haikui," alisema. "Ya kwenye simu nikiivuta inakua, nasoma bila kumwita mtoto wa mtu. Lakini msinitumie yale yasiyofunguka. Nitumieni picha."

Sixbert akaandika barua kwenye laptopu yake, Kiswahili cha kupendeza mpaka nikajionea wivu mwenyewe. Alipomaliza akalikoza jina la Biasha wino mzito kila lilipotokea, mara nne.

"Sasa utaipeleka kwake aigeuze picha," akasema. "Ataliona jina lake mara nne, nene. Atakugeukia. Hutahitaji kufungua mdomo, si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Nilikitaka sana. Kumposa mwanamke bila kusema, na kwa mashine yake mwenyewe. Habari ya orodha ya Lindi niliijua kama ninavyoijua njia ya kwangu, lakini nikajiambia ile ilikuwa kazi ya serikali, hii ni posa. Mtu atakosaje kuiona posa yake?

Jumatatu asubuhi nikavaa shati nililolishona mwenyewe, nikapiga hatua nne za kutoka mlango wangu hadi wake.

"Shikamoo Bi Biasha," nikasema, kwa kubabaika tu, maana ananizidi mwezi mmoja.

"Marahaba, Fundi. Una homa?"

Nikampa flashi. Akaichomeka, akavua miwani, akaiweka juu ya printa. Barua ikajaa kwenye kioo. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake na nililiona jina lake pale juu, limenona, hata mtu aliye kituoni angeweza kulisoma. Moyo ulikuwa unadunda mpaka nikadhani nimeacha cherehani ikizunguka.

"Nani amepanga hii?" akauliza.

"Kuna tatizo?"

"Kurasa mbili, na wa pili una mistari mitatu tu. Anayepokea ataona wa kwanza, wa pili atausahau. Nibane iingie kwenye mmoja?"

Mistari ile mitatu ndiyo iliyosema kwamba nitamtunza mpaka mwisho wa maisha yangu. Nikamwambia abane.

Akabana. Akavuta pembe ya kushoto, akarudi nyuma kidogo kutazama, kichwa amekiinamisha upande kama anavyofanya. Kisha akagusa kioo kwa ukucha, palepale penye jina lake.

"Hapa wino umekozwa. Na hapa. Na hapa tena. Kwenye simu ya mtu itaonekana kama imemwagikiwa chai. Nipunguze?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema wakati ule. Ningesema, vaa miwani, mama, usome. Lusia alikuwa ameingia, anasubiri zamu yake. Basi la Mtwara lilikuwa linapiga honi. 

"Punguza," nikasema.

Akapunguza jina lake mara nne, likawa jembamba kama maneno mengine. Akageuza picha, akanihamishia kwenye simu yangu kwa waya, akavaa miwani, akanitazama usoni.

"Nenda zahanati, Fundi," akasema. "Huo si uzima wa mtu."

Nikaituma Kiswere. Alama mbili zikawa za bluu mchana uleule. Kisha kimya. Jumanne kimya. Jumatano kimya, na siku hiyo nikashona suruali ya mwalimu mkuu mguu mmoja ukawa mfupi kwa vidole vinne. Akaja kuijaribu akaniuliza kama nina ugomvi naye. Sikuwa nalala vizuri. Nilijua kwamba mzee akikataa, nitaendelea kukaa kwenye baraza lile mpaka nife, hatua nne kutoka kwake, nikiisikia printa ikilia na kujua kwamba mlango ule si wangu tena hata kwa kuutamani. Hilo ndilo lililonitia hofu, wala si aibu.

Alhamisi saa nne simu ikaita mlio wa ujumbe. Ilikuwa picha. Mzee Yahya alikuwa ameandika jibu kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, akaipiga picha, na ilikuwa imetulia hata kuliko za vijana wa hapa. Lakini alikuwa ameandika kama wazee wa pwani walivyofundishwa, maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tena kwa mwandiko wa haraka, bila irabu hata moja. Mimi nilisoma chuo. Nasoma msahafu, ambao kila herufi imewekewa alama zake. Ile karatasi ya mzee ilinishinda kuanzia mstari wa kwanza. Nikaona "Hussen", nikaona kitu kilichoweza kuwa "sikubali" au kingine chochote, nikafunga simu.

Sixbert ndiyo kabisa. Alisema ameona nukta nyingi na zimemvutia. Maalimu wa msikitini kwetu angeisoma, lakini Maalimu akisoma jambo asubuhi, adhuhuri msikiti mzima unalo.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao nimeusamehe kwa sababu ya matokeo yake. Nilijiambia: huyu mama anageuza faili kuwa picha bila kusoma. Hii ni picha. Si aigeuze tu kuwa faili, kazi ileile kinyumenyume? Ataivulia miwani, mashine itafanya yake, nitapata maneno ya kawaida, nitakwenda nayo nyuma ya choo kuyasoma peke yangu. Niliona nimepata akili.

Nikaenda. Lusia alikuwepo tena, safari hii na tangazo la arobaini ya shemeji yake, na wanaume wawili wa chama cha msingi na notisi yao ya mkutano.

Bi Biasha akaivuta picha kwenye kioo, akavua miwani, akatazama. Akaikunja sura. Kisha akaivaa tena miwani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya kazi.

"Fundi, hii haigeuki."

"Kwa nini? Si picha?"

"Hizi hati hazina irabu. Usipojua kinachosemwa hujui kilichoandikwa. Hii ni lazima isomwe ndipo itaipwe."

"Tangazo linasema hamsomi."

"Tangazo ni la faili." Akanitazama juu ya miwani. "Barua ni yako?"

"Ni yangu."

"Unaniruhusu?"

Nilikuwa na nafasi ya kuichukua simu na kuondoka. Lakini siku tatu za kimya zilikuwa zimenichosha. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi kaa. Na nitasoma kwa sauti, maana kimya siwezi. Chuoni tulisoma kwa sauti, ukinyamaza unachapwa."

"Labda hawa watupishe kidogo," nikasema.

"Sisi tuko kwenye foleni," akasema Lusia, akavuta kiti.

Akaanza, jicho kwenye picha, vidole vikifuata. "Kwa Hussen, fundi wa nguo, Nangurukuru. Asalaam alaykum." Akatua. "Huyu anaandika kama mjomba wangu. Wazee wa Kiswere wote mwandiko wao mmoja." Akaendelea. "Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia kwenye simu. Nimeivuta, nimeisoma. Umeandika vizuri, au umeandikiwa. Nimetazama jina la mtoto nikaliona limeandikwa kwa wino mwembamba, sawa na maneno mengine. Wawili waliokuja kabla yako waliandika majina yao wenyewe makubwa na la kwake wakalisahau chini. Nikasema huyu ana adabu."

"Posa," Lusia akamnong'oneza mmoja wa wale wa chama cha msingi. "Fundi anaoa."

"Anamwoa nani?" akauliza yule.

Bi Biasha alikuwa ametabasamu kidogo. Bado hakuwa amenigeukia. "Hongera, Fundi," akasema, na sauti yake haikuwa ya hongera hata kidogo, ilikuwa imeshuka chini. Niliisikia, nikaitunza. Akaurudia mstari. "Mimi kwa upande wangu sina neno juu ya mpwa wangu, Bi..."

Vidole vikasimama.

 Kisha, kwa kuwa yeye ni karani na akishaanza ukurasa lazima aumalize, akaendelea kusoma, polepole, huku akitaipu.

"Mpwa wangu Biasha. Ni mtu mzima, hana wa kumwamulia. Ila nakuusia jambo moja. Usimpe karatasi. Huyo hata barua ya kufukuzwa kazi aliitaipu mwenyewe asijue. Mwulize kwa mdomo. Akikubali, nitumieni picha. Wasalaam, mimi mjomba wake, Yahya."

Akaweka nukta. Mikono akaiacha juu ya vitufe.

"Ile ya Jumatatu," akasema bila kugeuka. "Ya kurasa mbili."

"Ndiyo."

"Niliyopunguza wino."

"Hiyo."

Faili za watu huwa anazifuta kila Ijumaa kabla ya sala, na ile ilikuwa Alhamisi. Akaifungua. Akaisoma na miwani yake machoni, kimya, ingawa alisema hawezi kusoma kimya, na midomo ilikuwa inacheza. Sijui ilichukua muda gani. Alipofika kwenye ile mistari mitatu aliyoibana, akarudi akaisoma tena.

"Hii kaandika Sixbert," akasema.

"Kaandika Sixbert."

"Mjomba amesema kwa mdomo."

Nikasimama. Wote walikuwa wananitazama, na Lusia alikuwa ameshika mkono wa kiti. Maneno mazuri ya Sixbert yote yalinikimbia.

"Bi Biasha," nikasema, "miaka sita naisikia printa yako. Siku isipolia, siwezi kushona. Naomba nikuoe."

Akageuka. Macho yalikuwa yamelowa na uso umekasirika, vyote pamoja.

"Cherehani yako inatetemesha printa yangu."

"Nitaihamishia ukuta wa pili."

"Nani kakwambia uihamishe," akasema. "Nimeizoea."

Akairudia kompyuta yake. Akaifungua ile mistari mitatu ikapumua kwenye ukurasa wake wa pili, kama Sixbert alivyoiandika. Kisha akalitafuta jina lake, mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu, pa nne, akalikoza wino mzito kila lilipokuwa. Akageuza picha mbili na kuzituma Kiswere kwa simu yake mwenyewe.

"Haya, Lusia," akasema, akivua miwani. "Lete flashi yako."